Nani Atakayezipima Kompyuta za Kesho?

Siku hizi magazeti na redio hutaja mara kwa mara kompyuta za kwanta. Husemwa kwamba mashine hizo zitamaliza kwa dakika chache hesabu ambazo kompyuta za kawaida zingezifanya kwa maelfu ya miaka, kwamba zitafumbua siri za mabenki, na kwamba zitasaidia kubuni dawa mpya. Mwanafunzi wa sekondari wa Kilosa au Mikumi akizisikia habari hizi ana haki ya kuuliza: jambo hili lanihusu nini mimi? Mwalimu wake, ambaye pengine ana kompyuta tatu kwa darasa la watoto hamsini, ana haki ya kuliuliza swali hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili latuhusu, ila si kwa namna inayodhaniwa na wengi. Hatutazamii kuunda mashine hizo wilayani Kilosa kesho wala kesho kutwa. Lakini kila mashine huendeshwa kwa programu, na kila programu haina budi kujaribiwa kabla ya kuaminiwa. Kazi ya kuzijaribu programu za kwanta na kuziondolea kasoro ingali changa duniani kote. Yataka akili iliyozoea uwezekano, takwimu na uangalifu kuliko inavyotaka majengo na fedha nyingi. Kwa hiyo ni kazi ambayo vijana wetu waweza kuanza kujiandaa nayo sasa, kwa kalamu na karatasi. Tena fikra zinazotakiwa si ngeni kwetu: zinatumika tayari katika wilaya hiyo hiyo, kwenye mbegu za Ilonga na katika kuhesabu tembo wa Mikumi.

Kasoro ndogo, hasara kubwa

Wako wanaodhani kwamba kujaribu programu ni kazi ya daraja la pili, ya kuachiwa asiyeweza kutunga programu mwenyewe. Historia yakanusha dhana hiyo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliharibika angani katika muda wa sekunde kama 40 tu tangu kuruka. Chanzo kilikuwa sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4. Namba moja ilikua hata ikazidi nafasi iliyotengewa, na hakuna aliyekuwa ameijaribu sehemu hiyo kwa mwendo halisi wa roketi mpya.

Kisa cha pili ni kichungu zaidi, maana kiliwagusa watu wa kawaida. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengi wao kwa ushahidi wa programu ya hesabu iitwayo Horizon. Programu hiyo ilikuwa na kasoro, ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wako waliofungwa na waliofilisika. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024, yaani robo ya karne baada ya mashtaka ya kwanza. Mahakama ziliiamini mashine, na waliouliza kama imejaribiwa ipasavyo hawakusikilizwa.

Ikiwa hayo yametokea kwa kompyuta za kawaida, ambazo twaweza kuzisimamisha na kuzikagua hatua kwa hatua, itakuwaje kwa kompyuta ambayo kwa kanuni za maumbile haikubali kukaguliwa hivyo?

Kyubiti ni nini?

Kompyuta ya kawaida huhifadhi habari kwa biti, na kila biti ni 0 au 1. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti. Hali ya kyubiti huelezwa kwa namba mbili: ya kwanza ni ya 0 na ya pili ni ya 1. Ukizidisha ukubwa wa kila namba kwa wenyewe wapata uwezekano wa kuliona jibu hilo wakati wa kupima, na jumla ya uwezekano huo daima ni 1. Mathalani, kyubiti yenye namba 0.6 na 0.8 itatoa jibu 0 kwa uwezekano wa 0.36, na jibu 1 kwa uwezekano wa 0.64. Namba hizo zaweza kuwa hasi, na zaweza hata kuwa namba changamano ambazo wanafunzi wa kidato cha tano na sita huzisoma katika hisabati ya juu.

Ukiisha kuipima kyubiti, hali yake ya awali hutoweka. Ukipata 1, basi tangu hapo ni 1, na hakuna tena 0.6 wala 0.8. Kipimo kimoja hakikuambii namba zile zilikuwa ngapi. Hiki ndicho kiini cha ugumu wote unaofuata.

Vikwazo vinne

Mtungaji wa programu ya kawaida akiona jibu lisiloeleweka, huisimamisha programu katikati, hutazama thamani zilizomo, kisha huiendeleza. Katika programu ya kwanta kutazama katikati ni kupima, na kupima ni kuharibu. Hicho ni kikwazo cha kwanza.

Msomaji mwerevu atasema: basi na tutoe nakala ya kyubiti, tuipime nakala, tuiache ya asili iendelee. Njia hiyo nayo imezibwa. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na mwaka huo huo Dieks kwa upande wake, walithibitisha kwa hisabati kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa kikamilifu. Huo si upungufu wa ufundi utakaoondolewa na mashine bora. Ni kanuni ya maumbile. Hicho ni kikwazo cha pili.

Kikwazo cha tatu ni kwamba jibu lenyewe hutoka kwa bahati. Programu sahihi yaweza kutoa 0 mara moja na 1 mara nyingine, kwa hiyo jaribio moja halithibitishi kitu wala halikanushi.

Cha nne ni kelele za mashine. Kyubiti huvurugwa kwa urahisi na joto na mitikisiko ya mazingira yake, hata mashine huweza kutoa jibu baya ilhali programu ni njema. Anayejaribu hana budi kutenganisha kosa la mtunzi na kosa la chombo.

Mafunzo ya Ilonga na Mikumi

Sasa na tuje nyumbani. Jirani na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mahindi, mtama, alizeti na jamii ya kunde. Mtu anayetaka kujua kama mbegu iliyomo guniani itaota ana shida ile ile ya mjaribu wa kwanta: njia ya hakika ya kujua kama punje fulani itaota ni kuiotesha, na ikiisha kuota haipandwi tena shambani kama mbegu. Kupima ni kutumia. Je, wataalamu wa mbegu wamekata tamaa? La hasha. Kanuni za kimataifa huelekeza kuchukua punje 400 kutoka katika shehena, kuziotesha kwa mafungu, kisha kuhukumu shehena nzima kwa matokeo ya sampuli.

Tuseme muuzaji anadai kwamba mbegu yake huota kwa asilimia 90. Katika punje 400 twatarajia 360. Lakini bahati ina sehemu yake. Mtawanyiko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha 400 × 0.9 × 0.1, yaani 6. Zikiota 352 au 368 hatuna sababu ya kumshuku muuzaji, kwani tofauti haijafikia mara mbili ya 6. Zikiota 330 pekee, upungufu wa 30 ni mara tano ya mtawanyiko. Hapo dai lake hatuliamini tena.

Mjaribu wa programu ya kwanta hufanya vivyo hivyo. Programu inayopaswa kutoa 0 na 1 kwa usawa huendeshwa mara 1,000. Mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha 1,000 × 0.5 × 0.5, yaani karibu 16. Zikitoka 0 mara 515, programu haijaonyesha kosa. Zikitoka mara 600, ipo kasoro mahali fulani. Mwaka 2019 Yipeng Huang na Margaret Martonosi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitoa utaratibu wa kuweka vituo vya ukaguzi wa namna hii ndani ya programu za kwanta. Katika kila kituo programu husimamishwa, hupimwa mara nyingi, na matokeo hulinganishwa kwa takwimu na yale yaliyotarajiwa. Kanuni yake ni ile ile ya mbegu 400.

Mikumi yatufunza jambo jingine. Tembo wa ikolojia ya Selous na Mikumi huhesabiwa kwa ndege inayopita juu ya sehemu tu ya eneo, kisha idadi ya jumla hukadiriwa. Makadirio ya mwaka 2009 yalikuwa tembo wapatao 39,000, ya mwaka 2013 wapatao 13,000, na ya mwaka 2014 wapatao 15,000. Je, kati ya 2013 na 2014 tembo waliongezeka kwa 2,000? Tofauti ya kiasi hicho yaweza kutokana na bahati ya sampuli peke yake. Lakini kushuka kutoka 39,000 hadi 13,000 hakuelezeki kwa bahati. Ulikuwa ushahidi wa ujangili mkubwa, na haikuwa lazima kumwona kila tembo ili kuutambua. Kutofautisha mabadiliko ya kweli na mtikisiko wa bahati ndiyo kazi ya kila siku ya mtu anayetafuta kasoro katika programu ya kwanta.

Na kelele za mashine je? Hapa mwalimu wetu ni muuza nafaka mwaminifu. Kabla ya kupima gunia huweka kwanza juu ya mizani jiwe ambalo uzito wake wajulikana. Mizani ikikosea kwa jiwe, itakosea kwa gunia. Mjaribu naye huiendesha kwanza, katika mashine ile ile na siku ile ile, programu fupi ambayo jibu lake analijua bila shaka, apate kujua mashine hukosea kwa kiasi gani. Kosa linalozidi kiasi hicho katika programu yake, hilo ataliulizia kwa mtunzi.

Kasoro isiyoonekana kwa kuhesabu

Isidhaniwe kwamba kuhesabu majibu kunatosha. Wacha nitoe mfano ambao mwanafunzi aweza kuufuata kwa kalamu. Lipo tendo maarufu la kwanta liitwalo lango la Hadamard. Kyubiti ikiwa na namba a na b, lango hilo huzibadili ziwe (a + b) na (a − b), kila moja ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Ukianza na kyubiti iliyo 0 hakika, yaani a ni 1 na b ni 0, utapata namba mbili zilizo sawa, kila moja karibu 0.707. Uwezekano wa kila jibu ni nusu.

Sasa tuseme mtunzi amekosea mahali, na namba ya pili imekuwa hasi: 0.707 na −0.707. Ukipima, uwezekano wa kila jibu ungali nusu, maana hasi mara hasi ni chanya. Waweza kupima mara milioni moja usiione kasoro hiyo. Hata hivyo ni kasoro kweli, na hatua zinazofuata katika programu zitaharibika kwa sababu yake.

Dawa yake ni kupitisha lango la Hadamard mara ya pili kabla ya kupima. Hali sahihi itarudi kuwa 0 kila mara. Hali yenye ishara mbaya itatoa 1 kila mara. Msomaji na ahakikishe mwenyewe kwa kuzitia namba katika kanuni niliyoitaja. Kasoro iliyojificha kabisa kwa kipimo kimoja imefichuka kwa kipimo kingine. Hapa lipo fundisho kwa sayansi yote: swali likiwa baya, hata likirudiwa mara milioni halitatoa jibu jema.

Ukubwa unaotisha

Kwa programu ndogo ipo njia nyepesi: kuiga kompyuta ya kwanta kwa kompyuta ya kawaida, ambako namba zote zaonekana. Lakini kila kyubiti inayoongezwa huzidisha kazi mara mbili. Kyubiti 30 zahitaji namba 1,073,741,824. Kila namba ikichukua baiti 16, kumbukumbu ya gigabaiti 17 yatakiwa, na hiyo hupatikana katika kompyuta nzuri ya mezani. Kyubiti 50 zahitaji gigabaiti zipatazo milioni 18. Kwa hiyo mashine itakapokuwa na manufaa ya kweli, ndipo itakapokuwa haiwezi tena kuigwa na kukaguliwa kwa njia hii.

Yako maswali machache ambayo hayaleti shida, kwa kuwa jibu lake huhakikishwa kwa urahisi. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha jinsi kompyuta ya kwanta iwezavyo kutafuta vigawo vya namba kubwa. Ikikupa vigawo, wewe vizidishe tu utajua kama imesema kweli. Mwaka 2018 Urmila Mahadev alionyesha kwamba, chini ya dhana fulani za hisabati ya siri, mtu mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuihoji kompyuta ya kwanta na kujua kama imefanya kazi aliyoituma. Lakini kwa maswali mengi njia zitumikazo kivitendo bado zatafutwa.

Kwamba ukaguzi wahitajika, mwaka 2019 wenyewe ulionyesha. Kampuni ya Google ilitangaza kwamba mashine yake ya kyubiti 53 imefanya kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingeifanya kwa miaka 10,000. Wataalamu wa IBM wakajibu kwamba kwa njia bora zaidi ingetosha siku mbili na nusu. Anayeuza mashine hutukuza mashine yake, na mnunuzi asiyejua kupima hununua maneno.

Fundisho la mwaka 1974

Nchi yetu ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali. Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, hata ikaisha. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni gharama na upungufu wa wazalendo wenye ujuzi wa kuisimamia mitambo hiyo. Siwalaumu waliopitisha uamuzi ule. Asiyeweza kuikagua mashine ana njia mbili tu, kuiamini kama kipofu au kuifungia mlango, na wao waliona la pili ni salama zaidi. Ninalosema ni kwamba tusirudi tena mahali ambapo njia ni hizo mbili. Njia ya tatu ni kuwa na watu wetu wanaojua kupima.

Nimekwisha kusikia hoja za wapinzani. Wa kwanza husema hatuna mashine. Lakini tangu mwaka 2016, IBM ilipofungua mashine ya kyubiti tano kwa watumiaji wa mtandao, mashine za namna hii zimefikiwa kutoka mbali, na programu za kuiga hufanya kazi katika kompyuta ndogo. Mfano wa Hadamard hapo juu haukuhitaji hata umeme.

Wa pili husema shule zina mahitaji ya haraka zaidi: madawati, maji, walimu wa hisabati. Hoja hii ni nzito, na ingenishinda kama ningedai maabara za kwanta mashuleni. Sidai hivyo. Anayejifunza kuhukumu kwa sampuli amejifunza jambo la kumfaa katika mbegu, katika dawa za hospitali, katika mizani ya soko na katika hesabu za fedha zipitazo kwenye simu. Treni za umeme zinazopita Kilosa tangu mwaka 2024 huongozwa kwa ishara zinazosimamiwa na kompyuta. Ni vema kijana anayezitazama zikipita ajue kwamba usalama wake ulitokana na majaribio ya watu makini.

Yapasayo kufanywa

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la uwezekano na takwimu lifundishwe kwa vitendo. Kila darasa lirushe sarafu, lioteshe mbegu za mahindi katika kitambaa kibichi, liandike matokeo na kujadili lini tofauti ni ya bahati na lini si ya bahati. Shule za Kilosa zina Ilonga jirani, za Mikumi zina hifadhi jirani. Ziara moja ya kuuliza jinsi sampuli zinavyochukuliwa ina faida kuliko kurasa ishirini za kukariri.

Pili, mwanafunzi akitunga programu darasani, nusu ya alama zitolewe kwa majaribio aliyoyafanya, si kwa programu peke yake. Na apewe programu ya mwenzake atafute kasoro zake. Nilipokuwa masomoni ng'ambo kwa shahada ya udaktari, niliona kwamba katika vikundi vilivyofanya kazi njema mtafuta-kasoro aliketi meza moja na mtunzi, na neno lake lilisimamisha kazi. Kwetu mwanafunzi anayeonyesha kosa la mwenzake huitwa mchokozi. Tabia hiyo walimu waweza kuibadili wao wenyewe, bila kungoja fedha kutoka kokote.

Tatu, vyuo vikuu vyetu, kwa msaada wa Baraza, viandae kijitabu cha Kiswahili chenye istilahi na mazoezi ya kyubiti moja na mbili, ili mwalimu asilazimike kuokota maarifa haya kutoka vitabu vya kigeni.

Kompyuta za kwanta za leo zingali ndogo na zenye makosa mengi, na ahadi zinazotolewa juu yake ni nyingi kuliko matunda. Pengine miaka mingi itapita kabla hazijaletwa nchini kwa kazi ya maana. Muda huo ni wetu. Siku zitakapoletwa, muuzaji atasema mashine yake haikosei, na serikali itahitaji mtu wa kumwomba aiendeshe mara elfu moja mbele ya macho yetu, kisha aketi na kuyahesabu majibu. Mtu huyo leo yuko kidato cha pili.